Tabibu wa Kordoba na Tezi za Shingo: Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi



Ijumaa hii karatasi yetu inaeleza maisha ya tabibu mmoja wa Andalusi, Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Amekufa zaidi ya miaka elfu moja sasa. Wazungu walimwita Abulcasis, na wengi wao humhesabu kuwa baba wa upasuaji. Kwenye mihadhara yetu hutajwa kwa haraka, jina na sifa, kisha msemaji anapita kwa Ibn Sina na wengine. Leo tutakaa naye, na tutakaa zaidi kwenye sehemu moja ya kazi yake, nayo ni shingo na tezi zake.

Sababu ya kuchagua shingo inajulikana na watu wa Maniema. Nani hamjui mama anayejifunga kitambaa shingoni hata wakati wa jua kali, ili watu wasione uvimbe? Nani hajasikia ikisemwa kwamba fulani amelogwa, ndiyo maana shingo yake inakua? Wako waliochanjwa chale kwa wembe juu ya uvimbe huo, wako waliopakwa dawa za kuunguza, na wako wanaokaa nyumbani miaka kwa miaka kwa kuogopa kisu cha hospitali. Az-Zahrawi naye aliwaona watu wa shingo katika zama zake. Baadhi yao aliwapasua, wengine akakataa kuwapasua, na sababu za kukubali na za kukataa akaziandika zote mbili. Hizo za kukataa ndizo tunazotaka zisomwe vizuri leo.

Alizaliwa karibu na mwaka 324 wa Hijra, yaani 936 wa Miladi, katika Madinat Az-Zahra, ndiyo maana akaitwa Az-Zahrawi. Mji huo ulianza kujengwa mwaka huohuo wa 936 kwa amri ya Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu, umbali wa kilomita kama 8 upande wa magharibi wa Kordoba, katika nchi ambayo leo ni Hispania. Ukoo wake ulijinasibisha na Ansari, wale watu wa Madina waliompokea Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwa hiyo katika jina lake limo pia neno Al-Ansari. Kordoba ya wakati huo ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia, na Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala tangu 961 hadi 976, alikusanya maktaba ambayo inasimuliwa kuwa ilikuwa na vitabu 400,000. Hata tukipunguza nusu kwa kuwa wasimulizi hutia chumvi, bado ni vitabu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvimaliza.

Imepokewa kwamba alikuwa tabibu wa khalifa huyo. Huenda ndivyo. Lakini ukikifungua kitabu chake hukuti habari za makasri. Unakuta wajakazi, wazee wenye mawe kwenye kibofu, wanawake wenye uvimbe kooni, watu waliochomwa mishale vitani. Hao ndio waliompa elimu yake.

Kitabu chake kinaitwa At-Tasrif, nacho ni makala 30. Alikimaliza karibu na mwaka 1000. Sehemu kubwa yake ni dawa, vyakula, namna ya kuchanganya na kupima. Makala ya mwisho, ya 30, ndiyo ya upasuaji, na imegawanywa milango mitatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kukata kwa kisu, na kuunga mifupa. Ndani yake kuna michoro ya vyombo karibu 200: visu, kulabu, sindano, mikasi, vyuma vya kuchomea, kila kimoja kikichorwa mahali pa kazi yake ili fundi wa chuma aweze kukitengeneza. Kitabu hicho aliwaandikia wanafunzi wake, na huwaita wanangu, kama baba anayezungumza na watoto wake barazani.

Mwanzoni mwa makala hiyo ya upasuaji analalamika. Anasema kazi ya mkono imekufa katika nchi yake, na sababu ni kwamba watu wanashika kisu bila kujua viungo vilivyo ndani ya mwili, wala kazi ya kila kiungo, wala njia za mishipa na neva. Kisha anatoa ushahidi wa macho yake, na ushahidi wa kwanza ni wa shingo. Alimwona tabibu mjinga akimpasua mwanamke uvimbe wa tezi shingoni. Tabibu yule hakujua mishipa ya damu inapita wapi. Akaikata. Damu ikatoka bila kuzuilika mpaka mwanamke akaanguka na kufa mbele yake.

Tafadhali tusimame kidogo hapa. Mtu huyu alikuwa anaandika kitabu cha kuwafundisha watu kupasua, na angeweza kuanza na ushindi wake, kama wafanyavyo wengi wanaotangaza dawa zao siku hizi. Akaanza na mama aliyekufa kwa kisu. Baada ya huyo anataja mzee aliyetolewa jiwe la kibofu. Az-Zahrawi mwenyewe alikuwa ameitwa kwanza kulitoa, akaona ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa, akajua kuwa atakufa, akakataa. Wakamtafuta mwingine asiyekataa. Jiwe lilitoka na kipande cha kibofu, na mzee hakumaliza siku nyingi. Halafu anamtaja aliyetoboa uvimbe wa saratani, ukageuka kidonda kibaya kuliko mwanzo.

Kutoka katika misiba hiyo alijenga kanuni yake. Kazi za kisu, anawaeleza wanafunzi, ni za namna mbili: ziko ambazo usalama uko pamoja nazo, na ziko ambazo mara nyingi hatari iko pamoja nazo. Katika kila mlango wa kitabu aliahidi kuonyesha hatari iko wapi. Akawaonya pia wasiingie katika jambo la hatari kwa tamaa ya mali au ya kusifiwa, na tahadhari yao iwe na nguvu kuliko tamaa yao.

Sasa tuingie shingoni kwenyewe.

Mlango mmoja unahusu tezi zinazovimba shingoni, moja au nyingi kama shanga, ambazo Waarabu waliziita khanazir. Leo tunajua kwamba nyingi za namna hiyo ni kifua kikuu kilichoingia kwenye tezi, na dawa yake ni vidonge vya miezi sita, kisu hakihitajiki. Yeye hakuwa na vidonge hivyo. Alichokuwa nacho ni vidole vyake. Anafundisha kwanza kugusa: je, uvimbe unatembea chini ya ngozi au umeshikamana? Rangi yake ni ya ngozi ya kawaida? Uko juu au umezama? Umekaa juu ya mshipa wa damu au neva? Ule unaotembea, ulio juu, usioshikamana na mshipa, huo unapasuliwa. Ngozi inachanwa, inavutwa kwa kulabu, na uvimbe unachunwa kidogo kidogo kutoka pande zote.

Hapo anasema jambo linalomshangaza msomaji. Kisu cha kazi hii kisiwe kikali mno. Kila mchinjaji wetu anajua kisu kikali ndicho kisu chema, sasa kwa nini shingoni kiwe kinyume? Sababu yake ni kwamba mkono unaweza kuteleza, au mgonjwa akashtuka kwa maumivu, na kisu kikali kikakata kisichotakiwa kukatwa. Tukumbuke kwamba dawa ya kulaza mgonjwa kama tunavyoijua ilikuwa haijapatikana, ilikuja karne ya 19. Mgonjwa alikuwa macho. Na kama kwenye mzizi wa uvimbe kuna mshipa mkubwa, anasema, usiukate uvimbe toka mzizini. Ufunge kwa uzi imara uliokunjwa mara mbili, uuache, utadondoka wenyewe baadaye bila madhara. Tabibu asiye na haraka ndiye anayeweza kufanya hivyo.

Mlango mwingine unahusu uvimbe mkubwa wa mbele ya koo, rangi yake ni ya mwili, na ameandika kuwa huwapata zaidi wanawake. Huu ndio ule ambao Waswahili wanauita rovu, na hospitalini unaitwa goita. Ni sahihi kwamba wanawake ndio wengi: hata leo katika nchi zote tezi ile huwasumbua wanawake kuliko wanaume. Anaugawa namna mbili. Ule wa maumbile, ambao mtu amezaliwa nao, anasema hauna dawa ya kisu. Ule uliokuja baadaye nao ni namna mbili: mmoja unafanana na vifuko vya mafuta vinavyoota chini ya ngozi, na mwingine unafanana na mshipa wa damu uliovimba, na huo una hatari. Usiupeleke chuma, isipokuwa ukiwa mdogo. Utajuaje tofauti? Unauchunguza kwa chuma chembamba cha kuchomekea. Ukikuta ni kama kifuko cha mafuta, na haukushikamana na mishipa, unaupasua na kuutoa pamoja na mfuko wake ikiwa una mfuko.

Hayo ndiyo maneno yake kuhusu goita, na ni machache kuliko watu wanavyodhani. Katika vitabu vingi vya leo imeandikwa kwamba Az-Zahrawi alikuwa mtu wa kwanza duniani kuondoa tezi ya goita, na mwaka unatajwa kabisa, 952. Sisi hatuutegemei mwaka huo. Ikiwa alizaliwa 936, mwaka 952 alikuwa kijana wa miaka 16. Heshima yake haihitaji msaada wa tarehe kama hiyo. Kupasua goita kulijaribiwa na wengi kabla yake na baada yake, na waliokufa ni wengi. Aliyeandika wazi kwamba goita hii ikatwe na ile isiguswe, na kwamba kabla ya kukata uchunguze kwanza ndani yake kuna nini, huyo ndiye aliyeokoa watu.

Tezi za mate nazo hakuzisahau. Chini ya ulimi huota uvimbe ambao Waarabu waliuita chura, kwa sababu unafanana na chura mdogo aliyejificha mdomoni, na Walatini wakauita kwa jina hilohilo, na madaktari wa leo bado wanalitumia. Ni mate yaliyokosa njia. Az-Zahrawi anasema mwelekeze mgonjwa kwenye jua, afungue mdomo, utazame. Ukiona uvimbe ni mweusi au wenye giza, mgumu, na mgonjwa hausikii ukiguswa, usiuguse, hiyo ni saratani. Ukiona ni mweupe wenye unyevu, ushike kwa kulabu, uukate kwa kisu chembamba na kuuacha huru pande zote, kisha mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi. Taa ya upasuaji ya Kordoba ilikuwa jua la Mwenyezi Mungu.

Kuna habari ya mjakazi mmoja. Alikuwa amejijeruhi kooni kwa kisu, na sehemu ya njia ya pumzi ikakatika. Az-Zahrawi aliitwa, akamkuta analia sauti kama ya mnyama aliyechinjwa. Akatazama: damu ni kidogo, hewa inatoka kwenye jeraha, lakini mishipa mikubwa ya shingo ni mizima. Akaishona ngozi, akamtibu mpaka akapona, na hakubaki na kitu ila sauti kukwaruza, nayo ikarudi baada ya siku kadhaa. Kutokana na binti huyo akapata hakika kwamba kupasua njia ya pumzi kwa mtu anayekabwa na uvimbe kunawezekana bila kumuua. Mpaka leo goita kubwa ikimziba mtu pumzi, kutoboa koo ni mojawapo ya njia za kumuokoa.

Na iko habari ya mwanamke mwingine, aliyeota nyama kooni, nyeusi kiasi, isiyo na hisia, ikakaribia kuliziba koo lote, naye akawa hapumui ila kwa shida na hawezi kula wala kunywa. Az-Zahrawi aliivuta kwa kulabu akaikata, ikaota tena. Akakata tena, ikaota tena, akaichoma kwa moto ikasimama kuongezeka. Baada ya hapo yeye akasafiri, na anaandika waziwazi kwamba hajui Mwenyezi Mungu alimfanyia nini mama huyo baada yake. Tumesoma habari nyingi za matabibu, wa zamani na wa sasa, na ni wachache wanaoacha hadithi yao bila mwisho namna hiyo.

Katika mlango wa kuchoma anaeleza njia nne za kusimamisha damu ya mshipa: kuuchoma kwa chuma cha moto, kuukata kabisa ili ncha zake zijikunje, kuufunga kwa uzi, au kuweka dawa za kukausha damu na kukaza kwa bandeji. Kwa majeraha ya utumbo alitumia uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, na ameandika pia habari ya chungu wenye vichwa vikubwa, wanaobandikwa kwenye kingo za jeraha, wakishauma wanakatwa kiwiliwili, kichwa kinabaki kimeshika. Anayewajua siafu wa msitu wetu hatalikataa hilo.

Uzee wake ulikuwa wa majonzi. Mwaka 1009 fitna ilianza Kordoba, Waislamu kwa Waislamu, wakigombea ukhalifa. Mwaka 1010 Madinat Az-Zahra, mji aliozaliwa, uliporwa na kuchomwa, na mwaka 1013 Kordoba yenyewe ilitekwa. Ndio wakati alipofariki, karibu na mwaka 404 wa Hijra. Mji wake ulifukiwa na udongo, watu wakawa wanachota mawe yake kwa ujenzi, na kazi ya kuufukua ilianza mwaka 1911 tu.

Kitabu kilitoka salama. Mwanachuoni Ibn Hazm wa Kordoba alikisifu. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona, akiwa mjini Toledo, aliigeuza makala ya upasuaji kwa Kilatini. Huko Ufaransa, katika karne ya 14, mpasuaji mkubwa Guy de Chauliac alimtaja Az-Zahrawi katika kitabu chake mara zaidi ya 200. Mwaka 1465 Serefeddin Sabuncuoglu wa Amasya aliandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki, kwa kumfuata yeye, akaongeza picha za rangi zinazoonyesha tabibu na mgonjwa. Makala hiyo ilipigwa chapa Venice mwaka 1497, na mwaka 1778 ikatoka Oxford kwa Kiarabu na Kilatini.

Pamoja na hayo yote, goita iliendelea kuua chini ya kisu. Mwaka 1850 Akademia ya Tiba ya Ufaransa ililaani upasuaji wake. Theodor Billroth, mpasuaji hodari kuliko wengi, alipokuwa Zurich alipoteza wagonjwa wa goita karibu 40 kwa kila 100, akaacha kazi hiyo kwa miaka mingi. Adui alikuwa yuleyule aliyemuua mama wa Kordoba, damu ya mishipa ya shingo, na baada yake usaha.

Aliyefungua njia ni Theodor Kocher wa Bern, nchi ya Uswisi, aliyezaliwa 1841 na kufa 1917. Uswisi ni nchi ya milima iliyo mbali na bahari, na goita ilikuwa imewajaa. Kocher alisafisha kila kitu, alikwenda taratibu, alifunga kila mshipa kabla ya kuukata. Katika maisha yake alipasua goita zaidi ya 5,000, na mwisho wake waliokufa hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel. Lakini ndani ya ushindi huo palikuwa na jambo la kutisha. Mwaka 1874 alikuwa amemtolea tezi yote msichana wa miaka 11. Baadaye akasikia kwamba msichana yule amebadilika: hakui, amekuwa mzito wa akili na mwili, na mdogo wake waliyefanana naye amempita kimo. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani arudi kuwatazama. Wale waliotolewa tezi yote, wengi walikuwa wamevimba uso, wanasikia baridi, wanasema na kutembea pole pole. Mwaka 1883 alilisema hilo hadharani mbele ya wapasuaji wenzake, na akaacha kutoa tezi nzima kwa goita ya kawaida.

Hapo ndipo dunia ilipojua kwamba tezi ile yenye umbo la kipepeo mbele ya koo ina kazi. Inachukua iyodi kutoka katika chakula na kutengeneza kichocheo kinachoendesha joto la mwili, ukuaji, moyo na akili ya mtoto. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji ya tezi ya kondoo, na mama huyo aliyekuwa mahututi akaishi mpaka miaka 74. Leo ni kidonge kidogo cha kila asubuhi. Nyuma ya tezi hiyo kuna nyingine nne ndogo kama punje za mchele zinazochunga kalsiamu ya damu, na zikitolewa kwa makosa mgonjwa hukakamaa mikono. Na pembeni yake inapita neva ya sauti. Az-Zahrawi hakuzijua tezi hizo nne, wala kazi ya kipepeo, ila alijua kwamba shingoni mna mambo mengi katika nafasi ndogo.

Sasa turudi mashariki ya Congo. Iyodi inatoka baharini, na mvua za miaka mingi zinaiosha kutoka kwenye udongo wa nchi za ndani kama zetu. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kimeandikwa katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima kwa sababu ya goita. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti waliokuwa Lwiro walikuta kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana goita, na kusini-magharibi ni wachache sana, ingawa iyodi ilikuwa haba pande zote mbili. Walipotafuta tofauti, wakaikuta kwenye mihogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu, na mwili ukiivunja sumu hiyo hutoka kitu kinachoizuia tezi kupokea iyodi. Mahali penye iyodi ya kutosha madhara ni madogo. Mahali penye upungufu, tezi inahangaika, inapanuka, na shingo inavimba. Hakuna mlozi hapo. Na hatari kubwa kuliko shingo ya mama ni tumbo lake: mama mwenye mimba akikosa iyodi sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, mfupi, na mzito wa akili.

Kwa hiyo watu wa Uswisi, nchi ya Kocher mwenyewe, walianza mwaka 1922 kuweka iyodi kwenye chumvi, na kazi ya visu ikapungua. Congo nayo inatumia chumvi hiyo. Wamama wanaopika watazame mfuko wa chumvi kama umeandikwa iyodi, waihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na waitie mwishoni, sombe ikiwa karibu kuepuliwa. Mihogo michungu ilowekwe siku tatu au nne mpaka ilainike, kisha ikaushwe juani, kabla ya kuwa unga wa bugali.

Goita iliyokwisha kukua na kuwa na vinundu haitarudi yote kwa chumvi, na si kila goita inahitaji kisu. Ile laini, ya miaka mingi, isiyosumbua, mara nyingi huangaliwa tu. Kinachotakiwa kufikishwa hospitali bila kuchelewa ni uvimbe unaokua kwa haraka, au mgumu kama jiwe, au unaobadilisha sauti, au unaozuia pumzi na chakula, au unaokuja pamoja na moyo kwenda mbio, kukonda na mikono kutetemeka. Watoto wenye tezi za pembeni ya shingo pamoja na homa za jioni na kukonda wapimwe kifua kikuu kabla mtu hajawagusa kwa wembe.

Huko hospitali munganga anaweza kuingiza sindano nyembamba kwenye uvimbe na kutoa tone la kutazamwa kwa darubini, ili ajue ndani mna nini kabla ya kuamua kukata au kuacha. Anayepasuliwa aulize kabla ya kutoka wodini tezi imebaki kiasi gani. Ikiwa imetolewa yote, kidonge cha asubuhi ni cha maisha, na kisiachwe hata siku ambazo mtu anajisikia mzima. Mwezi wa Ramadhani kinamezwa wakati wa daku, kwa maji matupu, kabla ya chakula kwa nusu saa, au usiku masaa matatu hivi baada ya kula.